Nani Alipe Bima ya Bodaboda?

Kila ninapokwenda likizo nyumbani Kasulu, hubishana na vijana wa kijiweni juu ya bima. Wao huiona kama kodi nyingine ya barabarani; stika hutafutwa siku wanaposikia kuna ukaguzi njia ya Kibondo. Hoja yao si ya kipuuzi. Kijana wa miaka 20 mwenye pikipiki ya mkataba hupeleka hesabu kila jioni, hununua mafuta, hubadilisha tairi, na kadi ya pikipiki iko kwa tajiri. Kwa nini alipie bima ya chombo ambacho bado si chake?

Hapo ndipo sheria inapostahili kusomwa vizuri. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inakataza kutumia chombo cha moto barabarani bila bima ya mtu wa tatu. Inakataza pia kumruhusu mwingine akitumie bila bima hiyo. Neno “kumruhusu” linamgusa tajiri moja kwa moja. Hata hivyo, anayesimamishwa barabarani ni kijana. Tajiri yuko dukani anasubiri hesabu.

Na huyo mtu wa tatu ni nani kwetu? Ni mama atembeaye kandokando ya barabara akiwa na maharage kichwani. Akigongwa na kuvunjika mguu, wazee hukaa, yakamalizwa kifamilia: upande wa kijana huuza mbuzi, hulipa matibabu ya mwanzo, wakapeana mikono. Baada ya miezi sita mguu haujaunga na fedha zimekwisha. Siibezi suluhu ya wazee, maana imetuepusha na uhasama mwingi. Lakini ikifanyika kimyakimya, bila taarifa polisi wala PF3, madai ya bima huwa magumu kusimama hata kama stika ilikuwapo.

Tena stika nayo hutofautiana. Bima iliyokatwa kwa matumizi binafsi haikukusudiwa abiria wa kulipia, na abiria aketiye nyuma hana habari.

Mimi nasema bima ilipwe na mwenye kadi, na mkataba wa hesabu uandikwe hivyo. Kuhakiki si kazi kubwa. Mfumo wa TIRA huonyesha bima kwa namba ya usajili. Ugumu uko kwingine: wengi wa matajiri hawa ni watumishi wenzangu, walimu, wauguzi na maofisa wa halmashauri, walionunua pikipiki kwa mkopo wa mshahara. Ndio hao hao tunaowategemea waisimamie sheria.