Alama ya Mwenye Picha

Watu wengi huihesabu nembo inayotangulia sinema kuwa ni kizingiti tu. Hukivuka wakaingia ndani. Mlima wa Paramount umesimama mbele ya watazamaji tangu 1914, na simba wa Metro-Goldwyn-Mayer amesikika akinguruma tangu 1928. Hata asiyejua kusoma huwatambua wenyewe. Lakini hao ni matajiri. Simba wao akinyamazishwa leo, hawatalala na njaa. Mimi nimeshughulishwa zaidi na alama za wanyonge, watengenezao picha kwa fedha zao wenyewe, nami nimezitazama sana Nachingwea na Ruangwa katika mabanda ya video yaitwayo vibanda umiza. Jina hilo halikutolewa bure: mabenchi ni ya mbao, na kiuno ni shahidi.

Baada ya Girlfriend, picha ya George Tyson iliyotoka 2003, sinema za Dar es Salaam zilianza kutufikia kusini kwa wingi. Miaka michache baadaye nembo ya Steps Entertainment, wasambazaji, ilikuwa imezoeleka kwetu, pamoja na zile za watengenezaji. Steven Kanumba aliiita kampuni yake Kanumba the Great. Wapo waliolicheka jina hilo wakasema ni majivuno. Mimi sikulicheka. Mtu asiye na jumba la sinema wala benki nyuma yake ataweka nini mlangoni pake ila jina lake? Alifariki 7 Aprili 2012, hali ana umri wa miaka 28. Mwaka ule, jina lile lilipong'aa juu ya kioo pale Nachingwea, banda zima lilinyamaza, hata watoto.

Adui wa alama hiyo alikuwa mnakili. Msimu wa korosho, fedha zilipoingia mikononi, wachuuzi walileta diski zilizosongamana picha kumi au zaidi. Katika nyingi nilizoziona Ruangwa vichwa vilikuwa vimekatwa: hapana nembo, hapana jina, hadithi yaanza mtu akibisha hodi. Mwaka 2013 serikali ilianza kutumia stempu za kodi kwa kazi za filamu na muziki. Naam, lilikuwa jambo jema. Lakini stempu hukaa juu ya ganda, na siku hizi picha hupita kutoka simu hata simu bila ganda lolote.

Nilimwona mama mmoja dukani, papo hapo Ruangwa, akichagua kanga. Hakuanza na maua. Aligeuza pindo atafute maandishi ya Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, «Mali ya Abdulla», alama ya nyumba iliyoanza biashara 1887. Alipoyakosa, akairudisha kanga, ingawa rangi zake zilipendeza. Hatua chache kutoka pale, kijana mwenye meza ya diski hakuwa na pindo la kumgeuzia mnunuzi. Nilimwonyesha moja nikamwuliza, «Mwanangu, picha hii ni ya nani?»

«Ya Kanumba, mzee.»

Nikashika nyingine, ambayo Kanumba hakuwamo kabisa.

«Hiyo nayo ya Kanumba.»

Niliinunua. Ilichezwa na vijana nisiowajua, na mmoja wao, aliyekuwa baba mlevi, alicheza vizuri mno hata nikataka kulijua jina lake. Nikaingoja mpaka mwisho. Mkia nao ulikuwa umekatwa.