Toni katika nyuzi nne

Ukulele ni gitaa dogo la nyuzi nne. Lilizaliwa Hawaii baada ya mwaka 1879, meli Ravenscrag ilipowashusha Honolulu wahamiaji kutoka Madeira, na kati yao walikuwamo maseremala waliokuja kuwa mafundi wa kwanza wa chombo hicho. Mimi si seremala. Nina msumeno wa kuazima, patasi moja na baraza ya nyumba yetu hapa Lubumbashi.

Nililitengeneza ili linisaidie kusikia toni. Kiswahili hakina toni, na nyumbani tunasema Kiswahili na Kifaransa. Ciluba amebaki nacho kambo yangu peke yake (msomaji wa pwani asishtuke: kwetu kambo ni bibi). Baba aliacha kukisema barabarani mwaka 1992, watu wenye asili ya Kasai walipoanza kufukuzwa Katanga, na sisi tuliozaliwa baadaye tukarithi ukimya ule. Darasani tunafundishwa kwamba toni za Ciluba zimegeuka: penye toni ya juu katika lugha nyingi za jamaa yake, chenyewe kina ya chini. Kuliandika hilo kwenye mtihani ni rahisi. Kulisikia ni jambo lingine.

Shingo niliichonga kwa kipande cha mulombwa, mti ambao ukikatwa hutoa utomvu mwekundu kama damu. Sanduku ni tripleksi, nyuzi ni nailoni ya kuvulia samaki, freti ni spoki za kinga iliyokufa. Kuzipanga freti ndiyo kazi yenyewe. Uzi unaotetemeka una milimita 345. Unagawa kwa 17.817, unapata 19.4: hapo inakaa freti ya kwanza. Kilichobaki unakigawa tena kwa namba ileile, na tena, mpaka freti ya 12 iangukie katikati kabisa, kwenye 172.5. Siku mbili nilishinda na rula, penseli sikioni, majirani wakiuliza kama nimeacha masomo.

Lilipoanza kulia nikampelekea kambo. Alikuwa anasema sentensi, nami naitafuta kwenye nyuzi. Nilidhani noti mbili zingetosha, moja ya juu, moja ya chini. Hazikutosha. Toni ya juu iliyokuja mwishoni mwa sentensi ilikuwa chini kuliko ile ya mwanzo. Kidole kililazimika kurudi freti moja, mara nyingine mbili. Mshuko huo nilikuwa nimeusoma kwa mwaka mzima, lakini kidole ndicho kilichouona. Na bado freti ni mnyapara: sauti ya kambo hupita katikati ya noti, mahali ambapo spoki yangu hairuhusu.

Siku hizi yeye ndiye anayeniita jioni: "Leta kale kasanduku kako." Napiga bila kutamka, yeye anakisia. Juzi nilipiga majina sita ya ndugu zake, yale aliyonitajia mwenyewe. Manne aliyatambua upesi. La tano na la sita yana toni zilezile, kwa hiyo lilipolia la tano alitaja jina la dada yake, akasita, akaniomba nirudie polepole. Halafu akataja lile lingine, la mdogo wake aliyepanda treni ya kwenda Kasai mwaka 1993. Nikaandika daftarini: chini, juu, chini.