Bakteria wa Mbung'o na Ng'ombe wa Baba Mdogo

Mwaka 1994 familia yetu iliporudi Rwanda kutoka Karagwe, Tanzania, baba mdogo alirudi na ng'ombe kumi na mmoja. Mimi nilikuwa sijazaliwa. Nasimulia alivyonisimulia: walivuka wakaingia upande wa Akagera kwa sababu kulikuwa na nyasi na maji, na kabla mwaka haujaisha ng'ombe saba walikuwa wamekonda, manyoya yamesimama, wakaanguka mmoja baada ya mwingine. Nagana. Nzi anayeueneza ugonjwa huo vitabuni huitwa mbung'o. Nyumbani kwetu tunamwita ndorobo, jina tulilotoka nalo Tanzania, na baba mdogo hulitamka kama mtu anayetema kitu kichungu.

Kwa hiyo nilipofika mwaka wa tatu wa biolojia hapa Kigali, tukaambiwa kila mmoja achague kiumbe cha kuandikia, sikusita. Nilitaka kumjua adui wa ukoo wetu. Kumbe kilichoninyima usingizi si yeye, bali bakteria anayeishi tumboni mwake.

Bakteria huyo anaitwa Wigglesworthia, kwa heshima ya Vincent Wigglesworth, mtaalamu wa wadudu wa Uingereza. Mbung'o, dume na jike, hula damu tu maisha yake yote, na damu haina vitamini B za kumtosha. Bakteria ndiye anayemtengenezea. Naye hana maisha kwingine: hukaa ndani ya seli maalumu za utumbo wa nzi, na hufika kwa mtoto kupitia maziwa ya mama. Ndiyo, maziwa. Mbung'o hatagi mayai kama nzi wa jikoni. Hulea buu mmoja ndani ya mwili wake, akimlisha kwa tezi, mpaka amzae akiwa ameshakua. Nilipomweleza baba mdogo jambo hili alikataa katakata. Alisema mnyama mwenye maziwa hawezi kuwa na roho mbaya namna ile.

Jenomu ya Wigglesworthia ilisomwa yote mwaka 2002. Ina herufi karibu 700,000 tu. E. coli, jamaa yake wa mbali anayeishi matumboni mwetu, ana karibu milioni 4.6. Hata jeni ambayo katika bakteria wengi ndiyo huanzisha kazi ya kunakili DNA, kwake haikuonekana. Nilijiuliza vyote hivyo vilikwenda wapi.

Nilielewa nilipokumbuka daftari langu la sekondari. Shule yetu ya bweni ilikuwa na vitabu vichache, kwa hiyo kila darasa lilinakili madaftari ya darasa lililotangulia. Mwaka wetu daftari zuri la biolojia lililopatikana lilikuwa moja, na sote tulinakili hilo. Mwenyewe naye alikuwa amelinakili kwa dada aliyemtangulia. Mahali fulani katika msururu huo mtu aliruka mstari. Siku ya mtihani darasa zima tuliandika kwamba ateri hurudisha damu kwenye moyo. Kosa halikuwa la mtu mmoja tena, na hapakuwa na daftari la asili la kulinganishia. Mpaka leo nikiulizwa habari za ateri lazima nisite kwanza.

Bakteria wa mtoni ni mabilioni. Aliyenakiliwa vibaya hushindwa na wenzake, na wengine huokota vipande vya DNA kwa majirani. Wa mbung'o hana jirani. Kila uzazi wanapita wachache tu kwenda kwa mtoto, na mara nyingi ni bahati inayoamua nani apite. Wachache hao wakiwa na kosa dogo, ukoo mzima unalo. Kosa la kesho linakaa juu ya la leo. Hermann Muller alilieleza jambo hili mwaka 1964 kwa mfano wa gurudumu la meno lenye kizuizi: linazunguka upande mmoja, kurudi haliwezi. Mwaka 1996 Nancy Moran alionyesha dalili zake kwa bakteria wanaoishi ndani ya wadudu. Jeni iliyoharibika hukaa bila kazi, kisha hudondoka yote.

Mbung'o ana mgeni mwingine, Sodalis, ambaye hakuhamia zamani sana. Yeye jenomu yake bado ni kubwa, herufi kama milioni 4.2, lakini iliposomwa mwaka 2006 karibu jeni 1,000 zilikutwa zimeharibika. Ni nyumba ambayo kuta zimesimama na vyumba vingi havikaliki. Mwenzake wa zamani ameshafagia kifusi. Protini za bakteria wa namna hii hukunjika vibaya, naye Wigglesworthia hutengeneza kwa wingi protini moja ya kuzisaidia kukunjika sawasawa, kama mzee anayeegemea mkongojo.

Baba mdogo alikuja Kigali kupima macho, akalala kwetu Nyamirambo. Baada ya chakula nikamsimulia yote. Alisikiliza, kisha akauliza:

"Kama anaharibika hivyo, mbona ndorobo hawajaisha?"

"Baba mdogo, nzi ambaye bakteria wake wameharibika kupita kiasi hazai. Kosa kubwa linakufa naye. Yanayobaki ni yale madogo, ya kuvumilika."

"Kwa hiyo ukimuua huyo bakteria, nzi hazai?"

"Maabara wameshajaribu. Jike akilishwa damu yenye tetrasaiklini hubaki tasa."

Macho yake yaliwaka, nikajua anawaza kuhusu saba wale.

"Na tukiwaacha tu, waoze wenyewe?"

"Wameishi pamoja makumi ya mamilioni ya miaka, baba mdogo."

Alicheka mpaka akakohoa. Uzio wa mbuga uliojengwa mwaka 2013 unazuia nyati, nzi haumhusu, na sasa ana ng'ombe tisa kule Kayonza. Asubuhi alinitaka nimpeleke soko la Nyarugenge akanunue kitambaa cha buluu na cheusi cha kushonea mitego. Alipatana bei kwa nusu saa nzima.