Usicheke Ubao Uliovunjika



Leo nataka kusema nawe habari za msumeno mmoja mdogo. Si ule wa kupasulia magogo, wala si ule wa kukatia mbao za milango. Huu una fremu ya chuma iliyopindwa kama upinde, na kati yake hukazwa utepe mwembamba wa chuma wenye meno, ambao sisi twauita uzi. Kwa msumeno huo mtu hukata njiwa, ua, msalaba, au jina la mtoto wake katika ubao mwembamba. Mijini ziko mashine za umeme zifanyazo kazi hiyo hiyo upesi zaidi, lakini kwetu kijijini wa mkono watosha.

Huenda utauliza, kazi hii yatufaa nini? Swali ni la haki. Mgodi wa Buzwagi, hapa kwetu Kahama, ulianza kutoa dhahabu mwaka 2009, na mwaka 2021 kazi hiyo ikakoma. Mimi ni karani wa parokia, na vitabu vya ubatizo hupita mikononi mwangu. Nawaona vijana wajao kuomba vyeti kwa kuwa wanahamia mbali kutafuta riziki. Sisemi kwamba msumeno wa uzi utarudisha mishahara yao. Hautairudisha. Lakini jioni ni ndefu, na mikono isiyo na kazi hupewa kazi na kilabu cha pombe. Baba akikaa barazani na ubao wake, watoto humzunguka. Kilabuni hakuna mtoto amzungukaye.

Tena usidhani kukata mapambo ni mchezo wa watoto. Aliyefika Unguja ameiona Dispensari ya Kale, iliyo mbele ya bahari. Tajiri Tharia Topan aliweka jiwe lake la msingi mwaka 1887, na nyumba ikamalizika mwaka 1894. Watu wa nchi nyingi huja kuzitazama roshani zake za mbao, zilizokatwa nakshi za matundu. Mafundi wale nao walianza kwa kukata tundu moja tu.

Haya basi, sikilizeni ninyi mnaotaka kujaribu. Chagueni ubao laini kwanza: msonobari, au plaiwudi ya milimita 3 hadi 6. Mninga ni mzuri mno kwa rangi yake, lakini uwe wa siku za baadaye. Na vumbi lake huwasha pua na ngozi, kwa hiyo jifungeni kitambaa. Mpingo mwachieni fundi mzoefu, kwani ugumu wake utawamalizia nyuzi zote.

Uzi ufungwe meno yakielekea chini, upande wa mkono ulioshika mpini, ili ukate wakati wa kuvuta. Ukaze hata ukiuguza kwa kidole utoe mlio mwembamba. Uzi uliolegea hupinda, na ukipinda hukatika. Tengeneza kibao chenye pengo mfano wa herufi V, ukipigilie mezani, kisha laza ubao wako juu yake. Msumeno upande na kushuka mahali pamoja, nao mkono wa kushoto ndio uuzungushe ubao pole pole. Penye kona kali usisukume mbele: endelea kupandisha na kushusha papo hapo huku ukigeuza ubao. Uzi ukianza kukwama, upake nta ya kipande cha mshumaa.

Matundu ya ndani hutobolewa kwanza kwa keekee, uzi ukapitishwa tunduni, ndipo ukafungwa tena katika fremu. Kata ya ndani yote kabla ya kuukata ukingo wa nje, maana ubao mzima hushikika vizuri kuliko ubao uliokwisha kukonda. Mwisho piga msasa kwa kufuata mishipa ya mti, kisha paka nta ya nyuki, ambayo kwetu si haba.

Hayo ni mafunzo ya mkono. Lakini nimeona kwamba moyo nao wahitaji mafunzo yake.

Katika parokia yetu wako watu wachache wakutanao Jumamosi alasiri chini ya mwembe, vijana kwa wazee. Siku moja kijana mmoja alikuwa akikata njiwa. Alikwisha kazi ya siku tatu, akabakiza shingo tu. Akafanya haraka, shingo ikavunjika. Waliokuwapo wakacheka, si kwa ubaya, ila kwa mazoea. Kijana akaweka msumeno chini, na Jumamosi mbili hakuonekana.

Mzee mmoja, seremala wa zamani, aliviokota vile vipande viwili. Jumamosi ya tatu akapita nyumbani kwa kijana, akamwambia, “Mjukuu wangu, tazama bawa hili. Umelizungusha vizuri kuliko nilivyoweza mimi nilipoanza. Shingo imevunjika kwa sababu uliichora mahali ambapo mishipa ya ubao yapita kwa kukingama. Chora tena, mishipa ifuate urefu wa shingo.” Akamwachia kibao kipya, akaondoka. Kijana alirudi, na njiwa wa pili hakuvunjika.

Angalieni alivyosema mzee yule. Hakusema uongo kwamba kazi yote ni nzuri. Kijana angalijua kwamba anabembelezwa kama mtoto mchanga. Alitaja palipo pema, akataja chanzo cha kuvunjika, akaonyesha dawa yake. Sifa isiyo na ukweli haimfundishi mtu, na ukweli usio na upendo humfukuza. Mwanafunzi ahitaji vyote viwili kwa pamoja.

Bwana wetu mwenyewe alikulia penye randa na msumeno. Injili ya Mathayo yamwita mwana wa seremala, na ile ya Marko yasema kwamba hata yeye alikuwa seremala. Mwaka 1955 Papa Pius XII aliiweka tarehe 1 Mei kuwa sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Nami nafikiri katika karakana ya Nazareti mbao zilivunjika kama zivunjikavyo kwetu. Mtoto hafundishwi useremala pasipo kuharibu mbao, na Yosefu hakumfukuza kwa ajili ya ubao.

Basi ninyi wazazi, mtoto akikuletea msalaba aliokata kwa mkono wake, na upande mmoja umezidi mwingine, usimwambie kwamba dukani iko iliyonyoka. Uchukue, uzungushe ukingo wake kwa kidole, umwonyeshe mahali alipokata sawasawa, kisha mahali penye kosa. Halafu uutundike ukutani, mahali ambapo wageni watauona. Mwenye pupa hadiriki kula tamu; kesho atakata mwingine ulionyoka.

Mungu azibariki kazi za mikono yenu.