Mtoto Akiumizwa na Uzembe, Mama Afanye Nini?



Katika mikutano yetu ya likelemba tunasikia mara nyingi habari ya namna hii: mtoto alipelekwa dispansere kwa homa, akapigwa sindano, akarudi nyumbani anachechemea. Mmoja anasema ni uchawi, mwingine anasema ni polio, wa tatu anasema, "Ni Mungu amependa." Juma hili ninataka tuongee juu ya jambo hilo, maana lilifika katika jamaa yetu, na nilijifunza mambo yanayomfaa kila mama.

Mdogo wangu wa kike anakaa hapa Lubumbashi na watoto wanne. Bwana wake anafanya kazi Kolwezi, anarudi mwisho wa mwezi. Mtoto wao wa tatu, wa miaka mitano, alishikwa na malaria. Katika dispansere moja ya kartie walimpiga sindano ya kinini kwenye tako. Tangu siku ile unyayo wa kuume ulikuwa unaburuta chini. Kwenye hospitali kubwa daktari alieleza kwamba sindano iligusa mshipa wa fahamu unaopita ndani ya tako na kushuka mpaka mguuni. Ndiyo sababu, kinini ikilazimika kupigwa katika nyama, inapigwa mbele ya paja, si kwenye tako. Tena malaria isiyo kali inatibiwa kwa vidonge. Wamama wengi wanaomba sindano wakidhani ina nguvu kupita vidonge. Sivyo.

Siku ya nne mwenye dispansere alifika nyumbani na dola 50 na karatasi. Karatasi ilisema kwamba jamaa imepokea msaada na maneno yamekwisha. Mama mkwe alisema tupokee, maana mtu yule tunasali naye. Jirani akaongeza: "Mwanamke wa ndoa hawezi kumshitaki mtu pasipo ruhusa ya bwana." Mdogo wangu akanipigia simu akilia. Nikamwambia: usitie sahihi kwanza, tujue mguu huu utatunzwa kwa bei gani.

Mapatano si mabaya. Mara nyingi ni bora kuliko kesi ndefu. Lakini anayetia sahihi siku ya nne hajui bado mwezi wa nne utakuwaje. Daktari alisema mtoto anahitaji mazoezi ya mguu kwa miezi mingi, na kifaa cha kushika unyayo usianguke. Dola 50 zingekwisha kabla ya majuma machache, na karatasi ile ingebaki kabatini mwa munganga.

Neno la jirani nalo lilikuwa na mizizi. Sheria ya jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987 kweli ilimtaka mwanamke wa ndoa apate ruhusa ya bwana wake kabla ya kwenda tribinali kwa mambo ya madai. Jirani hakudanganya, alichelewa tu. Sheria namba 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016 iliondoa ruhusa ile. Leo mama anaweza kufungua kesi kwa jina lake mwenyewe. Ni vizuri bwana ajue na mpatane nyumbani, lakini mlango wa tribinali haufungwi kwa sababu yeye yuko Kolwezi.

Sheria yenyewe inasema nini? Kitabu cha sheria ya mapatano cha mwaka 1888, ambacho tunakitumia hata leo, kina kifungu cha 258: mtu akimletea mwenzake hasara kwa kosa lake, anapaswa kuitengeneza. Kifungu cha 259 kinaongeza uzembe na kukosa uangalifu. Kifungu cha 260 kinasema bwana wa kazi anajibu kwa ajili ya mtumishi wake. Kwa hiyo mwenye dispansere hawezi kusema, "Si mimi niliyeshika sindano." Kifungu hicho kinatushika sisi walimu pia, kwa wanafunzi walio chini ya ulinzi wetu. Ninakisoma kwa heshima.

Kumjeruhi mtu kwa uzembe ni kosa la jinai vilevile, vifungu vya 52 na 54. Lakini angalieni sana: adhabu yake haipiti mwaka mmoja wa kifungo, na kosa la namna hiyo haliwezi tena kushitakiwa kwa njia ya jinai mwaka mmoja ukiisha kupita. Mama anayengoja "tuone kwanza kama atapona" anaweza kufika parke na kukuta muda umekwisha.

Kilichotusaidia ni karatasi. Mdogo wangu alikuwa ametunza feshi ya mtoto, yenye tarehe, jina la dawa na muhuri wa dispansere. Tuliomba hospitali kubwa itupe cheti cha daktari chenye sahihi. Tukatunza resi zote, hata za taksi. Kisha tulikwenda kwenye ofisi ya mawakili inayotoa mashauri bure kwa watu wasio na uwezo. Wakili alituandikia mashitaka, tukayapeleka parke. Asiye na fedha anaweza pia kuomba hati ya umaskini, asilipishwe gharama za tribinali.

Mwenye dispansere alipoitwa na mwamuzi wa parke, alikuja na wakili wake. Safari hii mapatano yaliandikwa mbele ya mawakili wawili: atalipa mazoezi ya mwaka mzima, kifaa cha mguu, na gharama zilizopita. Baba wa mtoto alikuja kutia sahihi pamoja na mkewe. Mguu haujawa kama zamani, lakini mtoto anakwenda shuleni kwa miguu yake.

Tusiende parke kwa kila ugonjwa usiopona. Waganga wengi wanafanya kazi usiku kucha kwa mshahara usiofika, na mgonjwa anaweza kufa mikononi mwa munganga asiye na kosa. Sheria inauliza mambo matatu: kosa liko wapi, hasara ni ipi, na je, hasara ilitoka katika kosa lile? Pasipo hayo matatu hakuna kesi, kuna huzuni tu.

Katika mkutano ujao, kila mama alete feshi za watoto wake, tuzipange katika mifuko ya plastiki. Tuulize pia swali moja kila tunapokuwa dispansere: "Dawa hii inaitwaje, na kwa nini ni sindano?" Munganga mwema hatakasirika. Atajibu, na ataandika.