BOSI ANATAKA TAREHE, MZEE ANATAKA MWEZI

SASA hivi nina kalenda mbili. Moja iko ofisini, imebandikwa ukutani nyuma ya bosi, na kila nikitaja neno likizo yeye anageuka kuitazama. Ya pili iko kichwani mwa baba yangu mzazi, nayo haina Jumatatu wala Ijumaa, ina mwezi mwandamo, bamvua na maji mafu tu. Kazi yangu ni kuzipatanisha, na nakwambia msomaji, si mchezo.

Iko hivi. Mzee wangu ana miaka 74, mzaliwa wa Jibondo, kile kisiwa kidogo kusini ya Mafia. Alitoka huko kijana, akabeba mizigo Dar es Salaam miaka nenda miaka rudi, akastaafu, na siku hizi anakaa kibarazani Temeke anahesabu magari. Mwezi uliopita akaniambia, "Nipeleke nikavue." Nikadhani anataka twende Feri tukanunue samaki. Akanitazama kama niliyemtukana. "Nimesema kuvua."

Washikaji wawili wa ofisini waliposikia wakadandia. Hawa ni watoto wa mjini kama wewe na mimi, bahari wanaijua pale Coco Beach wanapokula mihogo. Mmoja ameshanunua fimbo ya kuvulia yenye gurudumu la kukunjia uzi, imesimama sebuleni kwake kama mgeni aliyekataa kukaa. Anataka nduwaro, yule samaki mwenye mdomo kama mkuki, apige naye picha. Mpango wao ni kukodi boti ya mashine kutoka hotelini, boti ambayo bei yake inatajwa kwa dola, na ukiigeuza kuwa shilingi inabidi utafute kiti kwanza. Mzee alipoelezwa aliuliza swali moja tu: "Akishampata, atamla na nani?"

Nduwaro wapo kweli, sikatai. Wapo upande wa mashariki, nje ya mwamba, ambako kina kinashuka ghafla na bahari kuu inaanza, pamoja na nguru, jodari na kolekole. Lakini mzee hana shida nao. Yeye anataka changu na chewa, kwa mshipi wa mkono, chubwi chini, chombo kimetia nanga, watu wamenyamaza. Nimewaambia jamaa wachague: twende pamoja kwa mashua, au wao na dola zao. Mmoja amebaki. Yule wa fimbo bado anapiga hesabu.

Haya, tukaanza kupanga. Mimi kwa ujanja wangu nikasema twende Agosti, ofisi inakuwa imepoa. Mzee akacheka mpaka akakohoa. Agosti ni kusi, anasema, upepo huo unaanza kama Aprili hivi na unakwenda mpaka Oktoba, na katikati yake ukitoka nje ya mwamba utatapika hata uji wa utotoni. Disemba kaskazi inaingia, nayo ina vurugu zake. Kati ya hizo mbili kuna siku za tanga mbili, upepo haujaamua uvume kutoka wapi, bahari inalala. Kwa hiyo ni Novemba. Mvua za vuli zinaweza kutulowesha, lakini mvua haizamishi mashua.

Novemba ina tamu yake nyingine. Ni wakati papa potwe wanapokuwa karibu na Kilindoni, wale samaki wakubwa kuliko wote duniani, ambao pamoja na ukubwa wote ule wanakula vijidudu vya majini na samaki wadogo. Huyo havuliwi, anatazamwa. Nimemwekea siku moja mshikaji wangu, asije akarudi Dar bila picha.

Sasa tarehe gani ya Novemba? Hapo ndipo kasheshe ilipo. Mzee anasema mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji yanakuwa bamvua, yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3, na mkondo kwenye milango ya bahari unavuta mpaka chubwi haikai chini. Bamvua ni raha ya wanaokwenda kwa miguu mwambani kutafuta pweza, maana maji yanakupwa mbali. Wavuvi wa dagaa wenye taa wao wanataka giza. Mtu wa mshipi anataka maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mkondo umepoa. "Tuondoke mwezi saba," akaamuru, "mwezi nane tupumzike, mwezi tisa tuvue."

Nikaenda kwa bosi. Nikamwambia naomba likizo kuanzia mwezi saba. Akageuka kuitazama kalenda yake. "Kijana, mwezi wa saba umeshapita." Nikaanza kumweleza habari ya mwezi mwandamo, na kwamba tarehe kamili nitampa ukishaonekana. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza kama nyumbani kuna matatizo.

Njia za kufika ziko mbili. Ndege kutoka Dar haichukui hata saa nzima, ila mfuko wangu hauna mabawa. Kwa hiyo ni basi kutoka Mbagala mpaka Nyamisati, halafu chombo, kukatiza mkondo wa Mafia mbele ya delta ya Rufiji, masaa kadhaa. Ukisikia kuna boti inaondoka saa fulani, usiamini sana saa, angalia maji.

Halafu kuna mambo ya hifadhi. Kusini ya Mafia yote, pamoja na Chole, Juani na Jibondo, ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 1995, ya kwanza nchini, kilomita za mraba 822. Mgeni analipa kiingilio, kuna sehemu hakuna kuvua kabisa, na kwingine ni mpaka kibali. Mzee alinuna: "Kibali cha kuvua kwetu?" Mimi nasimama na hifadhi hapa. Miaka ya themanini na mwanzoni mwa tisini baruti ililia sana pwani hii, Mafia ikiwemo, na ukishalipua mwamba samaki hana nyumba ya kurudi. Kama leo kuna chewa wa kumngojea mzee, ni kwa sababu kuna watu walikatazwa. Kwa hiyo vibali nitafuata mwenyewe mapema, mzee akae na hasira zake kibarazani.

Kizuizi kikubwa kilikuwa dada yangu. Ni muuguzi, na mzee ana presha na goti bovu. "Utamleta kwenye sanduku," alisema mbele za watu. Tulibishana wiki mbili. Mwisho akatoa masharti: dawa za presha ziwe kwenye mfuko usioingia maji, jaketi la kuokolea maisha avae mwenyewe si la kukalia, na siku ambayo Mamlaka ya Hali ya Hewa itasema bahari ni mbaya, hakuna kutoka hata kama mwezi umekaa vizuri. Mzee alikubali yote isipokuwa jaketi. Siku ya tatu akakubali na jaketi. Hapo ndipo nilipojua kwamba hii safari ina jambo.

Mashua tunayotaka ni ya baba mdogo. Yeye na mzee hawajasemezana miaka 11, kwa ajili ya minazi 23 ya babu iliyoko Juani. Mama alipofariki, baba mdogo alivuka bahari akaja, akazika, akaondoka bila kumpa kaka yake mkono. Minazi yenyewe sasa ni mizee, mingine imeshaanguka. Mzee hajalitaja jina lake hata mara moja katika mipango yote hii. Anasema tu "ile mashua".

Basi nikapiga simu mimi. "Shikamoo baba mdogo." "Marahaba." Nikamweleza kila kitu mpaka dawa za presha. Akasema atafikiri, akakata. Siku nne kimya. Mzee naye, bila kuuliza lolote, akaacha kwenda barazani, akawa anashinda uani anafunga na kufungua ndoana zile zile.

Jana usiku ukaingia ujumbe. Nimemsomea mzee mara tatu, kwa sababu anasema miwani yake imepotea, ingawa ilikuwa usoni: "Njooni na ndoana namba 8 na uzi mnene, huku zimeadimika. Chambo msinunue, ngisi wapo. Mwambie kaka asukani wangu atakaa yeye, mimi siku hizi macho ya mbali hayaoni mlango wa Kinasi."