Paa na Dawa

Haja za mwanadamu ni nyingi, ila chache hazikubali kuahirishwa. Chakula ni moja, maskani ni ya pili. Mtu mwenye afya akikosa maskani huweza kuhangaika: huuliza, huomba muda, huahidi. Mgonjwa wa akili akikosa maskani hukosa pamoja nayo mahali pa kuweka dawa zake, saa maalumu ya kuzinywa, mlango wa kufunga usiku, na mahali ambapo muuguzi anaweza kumkuta kesho. Kwake nyumba si zawadi ya kupona, bali ni sharti la kupona.

Jimbo la California katika Marekani limejifunza jambo hili kwa gharama kubwa. Mwaka 1955 hospitali za akili za majimbo ya nchi hiyo zilikuwa na wagonjwa karibu 559,000, na wengi wao walizeeka humo. Tarehe 31 Oktoba 1963 Rais John F. Kennedy alitia sahihi sheria ya kujenga vituo vya matibabu karibu na makazi ya watu, na mwaka 1967 California ilipitisha sheria iliyokomesha desturi ya kumfungia mgonjwa hospitalini kwa muda usio na kikomo kinyume cha nia yake. Nia ilikuwa njema. Walakini ahadi ni deni, na deni hili halikupata mlipaji. Vituo vingi vilivyokusudiwa havikujengwa kamwe, na vilivyojengwa vilikusudiwa kutoa matibabu, si vyumba vya kuishi. Hospitali ya zamani, pamoja na aibu zake zote, ilikuwa paa. Aliyetoka humo alipewa uhuru, asipewe ufunguo.

Mzigo ukawashukia watawala walio karibu zaidi na mgonjwa, yaani serikali za wilaya, ambazo huko huitwa kaunti. Kiswahili kina neno moja, kodi, kwa malipo ya raia kwa serikali yake na kwa malipo ya mpangaji kwa mwenye nyumba. Katika California kodi hizo mbili zilikutana. Novemba 2004 wapiga kura walikubali kodi ya asilimia 1 juu ya sehemu ya pato la mtu inayozidi dola milioni 1 kwa mwaka, fedha hizo zihudumie afya ya akili, na sehemu kubwa ziende kwa kaunti. Mwaka 2018 walikubali tena kwamba sehemu ya mapato hayo ilipe mkopo wa dola bilioni 2 wa kujenga nyumba za wagonjwa wa akili wasio na makazi. Hivyo tajiri alitozwa kodi ili maskini aimudu kodi.

Ndipo shida nyingine ilipojitokeza. Machi 2024, kwa kura zilizozidi nusu kidogo sana, wananchi walikubali mkopo wa dola bilioni 6.38 kwa majengo ya matibabu na ya makazi, pamoja na sharti kwamba kaunti, kuanzia Julai 2026, zitenge kwa makazi asilimia 30 ya mgawo wao wa kodi ile ya 2004. Kiwango cha kodi hakikupandishwa. Fungu likawa kama shuka fupi: likivutwa kufunika kichwa, miguu hubaki nje.

Waliotetea sharti hilo walisema kwamba dawa haimfai mtu alalaye njiani. Waliolipinga walisema kwamba fedha za nyumba zitatolewa katika mishahara ya wauguzi na washauri, na kwamba chumba ambacho hakuna anayekibisha hodi ni hospitali ya zamani yenye kitanda kimoja. Pande zote mbili zilisema kweli, na hapo ndipo penye huzuni. Paa na dawa si washindani. Ni umaskini wa fungu uliowagombanisha.

Tena yafaa kukumbuka kwamba jengo hujengwa mara moja, na uangalizi hulipiwa kila mwezi. Mkopo hupenda majengo, kwa kuwa jengo huonekana na huweza kuzinduliwa mbele ya watu. Muuguzi apandaye ngazi kila wiki kumwuliza mpangaji kama amelala vema hazinduliwi na mtu. Lakini siku akikoma kupanda ngazi hizo, kodi ya nyumba husahauliwa, dawa husahauliwa, na ufunguo uliopatikana kwa kura za mamilioni hurudi mikononi mwa mwenye jengo.

Kwa hiyo halmashauri yoyote itakayo kuwaweka wagonjwa wa akili katika nyumba na ijiulize mapema, kabla ya kuita waashi: nani atalipwa kubisha hodi katika mwaka wa kumi? Ikiwa jibu halimo katika hesabu zake, imejenga kuta, haijajenga maskani.